Kidonge cha Zamu

Mama yako alipimwa presha lini? Usiniambie ni mzima kwa kuwa anabeba kuni. Shangazi yangu naye anazibeba.

Shangazi ni mfinyanzi. Tangu ujana anakanyaga udongo na kuchoma vyungu, ameinamia moshi hadi macho yanaiva. Mimba yake ya mwisho ilimpandisha presha. Akajifungua salama, akaambiwa arudi kupimwa. Arudi vipi, mtoto mgongoni na kazi inamngoja? Alirudi mwaka huu, kichwa kimejaa mvi, akapewa vidonge vya kumeza kila siku. Hakuna aliyemweleza kwa nini.

Jana alasiri nilimkuta uani na mama yangu, wanalainisha vyungu kwa kokoto. Shangazi akafungua pindo la kanga, akatoa kidonge kimoja.

"Leo kichwa kinamgonga nani?"

"Mimi," mama akasema.

"Basi zamu yako, wifi. Kichwa changu leo chepesi kama cha mumeo."

"Mume wangu huyo ni kaka yako. Umejitukana!"

Wakacheka. Mimi sikucheka. Mama hajawahi hata kupimwa!

"Shangazi, hiyo si dawa ya kichwa! Presha inaweza kukuua bila kichwa kuuma!"

"Msomi kaanza," akasema. "Tumekula chungu kimoja miaka yote, kidonge ndicho kitushinde?"

"Dawa yako ni yako peke yako. Na mama akapimwe."

"Haya, daktari." Akajikanda bega, kisha taya. "Nikande hapa basi, upate kazi. Udongo wa wiki hii mzito, hata kupumua kazi."

Nilishasoma kwamba moyo wa mwanamke ukielemewa, huenda kifua kisiume kabisa. Maumivu huja begani, tayani, mgongoni.

"Twende zahanati. Sasa hivi."

"Kesho tunachoma. Keshokutwa, baba."

Nilipiga kelele, nikaomba, nikakaribia kulia. Mama alinikanya nisimkosee heshima dada wa baba yangu. Heshima gani hii ya kumwangalia mtu akifa taratibu?

Leo asubuhi nilimwona akipanga vyungu kwa ajili ya moto. Hata kuni hazijawashwa, jasho lilikuwa linamtiririka. Akashika ukuta, akaketi chini polepole. Mama akamkimbilia.

"Wifi," shangazi akanong'ona, "mwambie mwanao aite pikipiki."