Mkate Ulioitwa Gato

Tarehe 14 Novemba 1998, siku ya Jumamosi, nilimpoteza mume wangu. Alikuwa amevuka daraja la mpakani kwenda Bukavu kutafuta unga wa ngano, vita vikamkuta huko. Nililetewa koti lake. Yeye alizikwa upande wa pili, mahali ambapo sijafika hadi leo.

Aliniachia tanuri la matofali alilolijenga mwenyewe nyuma ya nyumba yetu, Mururu. Niliazimia lisizimike. Kulizima kungekuwa kama kumzika mara ya pili, na mara ya kwanza sikuwepo.

Wakati huo unga ulikuwa adimu na watu waliuza mikate myepesi kama pamba. Komini, ofisi ya serikali ya mahali petu, ikabandika karatasi sokoni: kila mkate uwe na uzito uliowekwa, la sivyo utachukuliwa. Niliifurahia. Nilipima kila donge kwa mizani ya marehemu, nikaongeza kidogo kwa sababu moto hupunguza.

Jirani yangu, mwokaji kama mimi, alisomewa karatasi ileile. Yeye alitia sukari kidogo kwenye donge, akapaka yai juu, akauita gato, yaani keki. Ulikuwa mkate. Watoto waliuchovya kwenye chai kama mkate. Lakini ulikuwa mdogo kuliko wangu, kwa bei ileile, na wateja walikimbilia ule mng'ao.

Nilimwonea wivu. Mume wake alikuwa hai. Kila asubuhi nilimsikia akipasua kuni huku akiimba, na mkewe akimtania: "Papa, pasua kuni, hatukukuita kwa kwaya!" Kama mwanamume yule asingekuwepo, nadhani ile sukari ningeisamehe. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Nikaenda komini kumshtaki. Nilijiambia kwamba natetea wanunuzi. Siku ya soko mkaguzi akaja na mizani, akashika gato ya jirani.

"Maman, huu mukate iko mwepesi."

"Haiko mukate, Chef. Iko gato. Onja."

Akaonja. Akaenda ukutani, akasoma karatasi, kidole kikifuata mistari. "Ni kweli. Hapa baliandika mukate tu. Gato haiko."

Nikashindwa kunyamaza. "Si batu banaikula na chai, Chef? Sawa mukate?"

"Maman, hata muhogo banakula na chai. Nipime na muhogo?"

Soko zima likacheka. Jirani hakucheka. Alinitazama, akajua ni nani aliyemwita mkaguzi.

Kwa kuwa mizani ilikuwa tayari mkononi, mkaguzi akageukia kikapu changu. Wiki ile kuni zangu zilikuwa mbichi. Mikate ilikaa motoni muda mrefu ikakauka kupita kiasi. Ilipungua. Kidogo, lakini ilipungua. Mimi niliuza kitu kinachoitwa mkate, kwa hiyo akachukua kikapu chote. Sikubishana. Mizani ilisema kweli.

Alasiri jirani alikuja kwangu. Nilidhani amekuja kunitukana.

"Ni weye uliita Chef?"

"Ni mimi."

"Juu ya nini, Maman? Ungeniuliza, ningekuonyesha. Tia sukari, paka yai, batakuacha."

"Itabaki kuwa mukate."

"Ndiyo, iko mukate. Nani hajue?"

Alisema bila aibu, na hata hilo nililionea wivu. Nilimshukuru, nikamwambia siwezi. Marehemu alikuwa akiuza mkate.

Unga wa mikate ile iliyochukuliwa ulikuwa wa mwisho niliokuwa nao. Nilingoja mwingine wiki tatu bila kuupata, tanuri likapoa. Kisha jirani na mume wake walikuja kununua mlango wa chuma wa tanuri langu, maana wao walikuwa wakijenga tanuri la pili. Nikawauzia. Mume aliung'oa polepole ili asivunje matofali yangu, akauweka kichwani. Wakateremka kilimani, mke nyuma yake, akimwambia aangalie mawe.