Sweta Isiyofunguka Mbele

Kwa miaka mitatu nimeandika riwaya moja na kufuma vitu vingi, na sikumbuki siku hata moja ambayo mikono yangu ilifanya kazi moja tu. Utaratibu wangu ulikuwa huu: mistari kumi ya kufuma, kisha ukurasa mmoja wa kuandika. Sentensi ikigoma, narudi kwenye sindano. Uzi ukijifunga fundo, narudi kwenye sentensi. Kila kazi ya uzi ilikuwa na sura yake ya riwaya. Kofia za watoto zilikwenda na mazungumzo, kwa sababu kofia inazunguka tu na haitaki akili, nami nikawa nawasikia watu wangu wakibishana huku vidole vikienda. Skafu ya rafiki yangu anayefundisha huko Kiganjo ilikwenda na ukungu na njia za matope. Sweta niliiwekea sura ngumu, zile za kifo na za ndoa, maana sweta ina hesabu, na hesabu hunizuia kulia.

Nilipanga chumba Nyeri mjini, ghorofa ya kwanza, dirisha likitazama upande wa mlima. Mwezi wa sita na wa saba kuutazama upande huo ni kazi bure. Mlima huondoka. Kinachobaki ni kitu cha kijivu kilichoshuka mpaka kwenye nyaya za umeme, na watu wanaotembea mikono ikiwa kwapani.

Tulikuwa waandishi sita, tukikutana Jumamosi alasiri nyuma ya mkahawa mmoja karibu na soko. Wenzangu walisoma kazi zao wakiwa wameshika vikombe. Mimi nilisikiliza nikifuma. Walinizoea lakini hawakunisamehe. Mmoja wao, mshairi wa Karatina mwenye sauti kubwa kuliko mashairi yake, aliniuliza kila wiki kama mimi ni mwandishi ama ni shosho, bibi kizee wa sindano. "Huyu siku akipewa tuzo," akawaambia wengine, "atakuja kuichukua na kikapu chake cha uzi." Nilicheka nao. Niliamini kazi hizi mbili zinalishana, na kwamba mtu anayeweza kushika vitanzi mia mbili bila kudondosha kimoja anaweza pia kushika maisha ya watu wanane katika kitabu.

Riwaya ilimhusu mwanamke mchuma majani chai, na mwanamke huyo alikuwa shosho yangu, mama yake baba, ingawa nilimbadilishia kijiji na kumpunguzia watoto. Shosho anaishi juu ya Othaya, mahali ambapo mashamba ya chai yanashuka hadi mtoni kwa mteremko unaotisha miguu ya wageni. Ndiye aliyenifundisha kufuma nikiwa na miaka saba, kwa sindano alizotengeneza mwenyewe kutokana na spoki za baiskeli. Kwa miaka yote niliyomjua alikwenda kuchuma chai akiwa na sweta moja, ya shingo ndefu, iliyofungika pande zote, ambayo aliivuta kichwani alfajiri na kuivua jioni ikiwa imelowa umande. Sweta hiyo iliisha kwenye viwiko, ikaisha kwenye kifua, mwishowe ikawa matambara ya kusugulia sufuria.

Mwaka huu, mvua ndefu zilipokolea, shosho aliteleza akienda kituo cha kuuzia majani. Aliangukia bega la kulia. Mfupa haukuvunjika, daktari alisema, na sote tukashukuru, tukarudi kwenye shughuli zetu. Nilimpigia nikamwambia nitamfumia sweta, na kwamba ataivaa kabla baridi ya mwezi wa saba haijafika. Shosho si mtu wa kuomba vitu. Alisema tu, "Basi nitaingoja."

Uzi niliununua kwa mama mmoja Mwislamu mwenye duka dogo mjini, mwanamke wa Kiswahili kizuri kuliko changu, ambaye hunisahihisha huku akinipimia. Nilichagua rangi ya damu ya mzee. Aliniuliza sweta ni ya nani na ni ya namna gani, nikamweleza: shingo ndefu, ya kuvaliwa kichwani, kama ile ya zamani. Akauliza huyo bibi ana umri gani. Nikamwambia. Aliufunga uzi kwenye gazeti taratibu, akasema watu wazima wa umri huo yeye huwauzia uzi wa sweta za vifungo. Nikamwambia shosho yangu si kama hao wengine. Nilisema kwa fahari. Wakati huo nilikuwa nimeishi naye kitabuni kwa miaka mitatu, na kitabuni alikuwa na miaka thelathini na tano na mgongo kama mlango.

Niliifuma mwezi mzima. Mwili niliufuma kwa mzunguko, bila mshono, kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya. Kofia na skafu niliziweka kando. Mistari kumi, ukurasa mmoja. Mswada ulitakiwa na mhariri Nairobi mwisho wa mwezi wa saba, na sweta ilitakiwa Othaya mwanzoni mwake, nami nikaona nimepanga mambo vizuri.

Nilifika kwa shosho Jumapili, watu wakiwa wametoka kanisani. Shangazi yangu, dada mdogo wa baba, ndiye anayekaa naye. Shosho alikuwa ameketi jikoni karibu na moto, amevaa koti la marehemu babu lililotundikwa mabegani bila kuingiza mikono. Nilitoa sweta kwenye mfuko. Aliipokea kwa mkono wa kushoto, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye mistari, akaitafuta sehemu ya mbele, akaigeuza tena. Sikuelewa alikuwa akitafuta nini. Nilidhani anakagua kazi.

"Ni nzuri," akasema. "Nivike."

Tulimvua koti. Shangazi alishika mkono wa kulia, mimi nikaingiza kichwa chake kwenye shingo ya sweta. Kichwa kiliingia. Mkono wa kushoto uliingia. Mkono wa kulia ulipandishwa hadi usawa wa kiuno ukakataa. Nilijaribu kuuvuta kidogo, na ndani ya sufu ikatoka sauti ambayo sijawahi kumsikia shosho akiitoa, fupi, kama ya mtu aliyekanyagwa na anaona haya kusema. Kichwa chake kilikuwa bado kimefunikwa. Tulisimama hivyo, sisi wawili tumeishika ile sweta, naye yuko ndani yake gizani, akipumua.

"Itoeni," akasema.

Tulipomtoa, nywele zake nyeupe zilikuwa zimesimama na kitambaa kimeanguka. Shangazi aliokota kitambaa akakifunga upya, akichukua muda mrefu kuliko kilivyohitaji. Kisha akanigeukia.

"Si alikwambia? Alikupigia mwenyewe. Nilimshikia simu. Alikwambia bega limekaza, mkono haupandi, anataka ya kufunguka mbele."

Nikasema sikumbuki. Shangazi akasema tuliongea dakika nyingi na mimi nilikuwa nikijibu, ndiyo shosho, sawa shosho. Kisha, kwa kuwa si mtu wa kukaa na huzuni, akasema, "Lete makasi nikate hapo katikati, tushone zipu, tumalize. Hata ng'ombe tunamfungulia mlango."

"Usikate kazi ya mtoto," shosho akasema. "Atairekebisha."

Nikaahidi kuirekebisha. Niliirudisha mfukoni. Tulipokuwa tunakunywa chai shosho alirudishiwa koti la babu, na nikaona jinsi uzito wake ulivyolivuta lile bega chini.

Niliporudi Nyeri nilifungua simu nikatafuta. Ilikuwepo: simu kutoka kwa shangazi, Jumamosi moja asubuhi katikati ya mwezi wa sita, dakika sita. Kisha nikafungua kompyuta, kwa sababu huwa naandika tarehe na saa juu ya kila ukurasa. Jumamosi ile ile, saa ile ile, nilikuwa nimeandika ukurasa wa kwanza wa riwaya upya. Ndipo nikakumbuka kila kitu isipokuwa maneno ya shosho. Simu ilikuwa mezani, spika imewashwa, na vidole vyangu vilikuwa vikigonga herufi za kompyuta bila kupumzika kwa sababu ukurasa niliouhangaikia miezi mingi ulikuwa umekuja wenyewe. Ukurasa huo unasema hivi: ni alfajiri, mwanamke anasimama katikati ya jikoni lenye giza, anainua mikono yote miwili juu ya kichwa, anajivika sweta, na kwa muda mfupi akiwa ndani yake hajulikani na mtu yeyote, hana mume, hana watoto, hana deni la kazi. Kisha kichwa kinatokea na siku inaanza.

Nilikuwa nikiinua mikono yake huku yeye akinieleza kwamba haiinuki.

Sweta iliyofumwa kwa mzunguko haifunguliwi mbele kwa kurekebisha. Nilichoweza kufanya ni kuifumua yote na kuanza upya. Nilifumua Jumatatu, mwezi mzima wa kazi ukatoka kwa saa mbili. Uzi uliofumuliwa hutoka umejikunja kama nywele zilizosukwa, na lazima uoshwe na kutundikwa na kitu kizito mpaka unyooke. Nilipomweleza mama wa duka hakunikumbusha alichokuwa ameniambia. Alisema tu, "Mwanangu, mwezi huu hata soksi haikauki Nyeri. Utalingojea jua wapi?" Na kweli uzi ulining'inia dirishani siku tano ukinuka kondoo.

Lakini nisisingizie hali ya hewa. Siku ya sita ulikuwa umekauka, nami niliukunja madonge manne nikayapanga kikapuni, nikaketi kwenye kompyuta. Zilibaki wiki mbili na siku chache kabla ya mswada kutakiwa. Kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu nilivunja utaratibu. Nilijiambia nitaandika kwanza, nifume baadaye, kwamba kufuma kutanikumbusha lile jikoni na nitashindwa kuandika. Nilijiambia pia kwamba shosho ana koti. Nilipata sababu nyingi. Mtu anayeandika hakosi sababu, ndiyo kazi yake.

Shangazi alinipigia mara mbili. Mara ya kwanza aliuliza sweta imefika wapi, nikamwambia iko njiani, jambo ambalo mtu angeweza kuliita kweli. Mara ya pili alisema shosho ana kikohozi. Wiki iliyofuata alisema wamemlaza hospitali, kifua, lakini nisiache kazi yangu, wako wengi wa kumwangalia. Sikuacha kazi yangu. Nilituma mswada siku mbili kabla ya mwisho wa mwezi.

Mhariri alinijibu haraka, na barua yake ilikuwa na furaha. Sehemu nyingi zilihitaji kusukwa upya, alisema, ila ukurasa wa kwanza nisiuguse hata koma. Alisema ukurasa ule ndio uliomfanya auamini mkono wangu.

Niliisoma barua hiyo mkahawani, mbele ya wenzangu, kwa kuwa walidai niisome kwa sauti. Walipiga makofi. Mshairi wa Karatina alisimama akaniinamia, akasema, "Kikapu tutakubebea sisi." Sikuwa nimekuja na kikapu siku hiyo. Nilienda nyumbani nikaketi na sindano, na kwa siku tisa sikuandika neno. Nilifuma nyuma, nikafuma vipande viwili vya mbele, nikafuma mikono, mkono wa kulia nikaupa upana zaidi. Sijui kama ukurasa ule ulistahili kubaki. Najua kwamba niliuacha ulivyo, na kwamba siku nilipojaribu kuufuta nilisoma mpaka mwisho na nikaupenda.

Nilipofika Othaya mwezi wa nane, jua lilikuwa limeanza kurudi, jua jembamba la saa nne. Shosho alikuwa ametoka hospitalini, amelazwa kitandani karibu na dirisha. Alikuwa mdogo. Nilikuwa nimempima kwa macho mwezi mmoja tu uliopita na tayari vipimo vilikuwa vya mtu mwingine.

Tulimvika taratibu, mkono mbovu kwanza, bila kuuinua, kisha sweta ikazungushwa mgongoni na mkono wa pili ukaingia. Hakutoa sauti. Shangazi alifunga vifungo. Mbele ilipwaya, mtu mwingine angeingia humo naye. Shangazi alisema sasa afadhali, akaenda kuweka chai.

Nilibaki naye. Nilikuwa nimeiandaa sentensi yangu tangu Nyeri, nimeipima, nimeiondolea maneno ya ziada kama ninavyofanya na nyingine. Ilikuwa ianze na maneno "siku ile uliponipigia". Kabla sijafungua kinywa, yeye ndiye aliyeanza, kwa sauti iliyobaki baada ya kikohozi.

"Siku ile niliyokupigia mvua yenu ilikuwa kubwa."

Nikamtazama.

"Niliisikia ikipiga mabati. Tik, tik, tik, haikuacha. Nikajua hunisikii vizuri. Nikasema nikukatie, ukaanue nguo."

Shosho hajawahi kufika ninakoishi. Juu ya chumba changu kuna ghorofa nyingine mbili, na mabati hayako mahali ambapo yangesikika. Kilichokuwa kikigonga siku ile kilikuwa juu ya meza, karibu na simu.

"Ndiyo, shosho," nikasema. "Ilikuwa kubwa."

"Zililoa?"

"Hapana. Niliwahi kuzianua."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyefanya jambo dogo likafaulu, akafumba macho.