Maporomoko Niliyoyakataa Mara Moja

Sijawahi kufika India, lakini ukiniuliza maporomoko yake ya maji nitakutajia kama mtu anayewaita watoto wake ndani wakale: Jog, Athirappilly, Hogenakkal, Dudhsagar. Maziwa pia ninayo: Pichola, Fateh Sagar, Vembanad. Hiyo Jog huanguka kwa mikono minne na kila mkono una jina lake, mmoja Raja, mmoja Rani, na mingine miwili wameipa majina ya Kizungu. Mimi nimesoma mpaka darasa la nne tu. Mkono wangu mzito kwenye kalamu, kwa hiyo tangu utoto ninachokisikia nakishika kichwani, nikikiachia kimepotea. Majina ya watu ndiyo sitayaandika hapa. Wenyewe wapo hai, wana simu, na mmoja wao hupiga hata kama hana la kusema.

Huyo mmoja ni mkwe mwenzangu. Mwanawe alimwoa binti yangu, wakatupa mjukuu mmoja, msichana, basi, hawakuongeza. Mimi ni Msambaa wa Soni, yeye ni Mhindi wa Mwanza. Ilibidi tuje mpaka London ndipo tujuane. Mjukuu ananiita mimi Bibi, yeye anamwita Ba, kama Wagujarati wanavyowaita bibi zao. Mimi nakaa Hayes, ndege zinapita juu ya paa mpaka vikombe vinagongana kabatini. Yeye anakaa Queensbury, na kila duka analoingia wanamwamkia kama mke wa diwani.

Binti yangu alikuwa na shifti uwanja wa ndege, mara alfajiri, mara usiku, kwa hiyo mtoto nilimlea mimi. Shule nilimpeleka mimi, nywele nilimsuka mimi, na siku ya kwanza ya kupanda basi peke yake mimi ndiye niliyesimama kituoni kwenye mvua kama mlinzi. Nilimsemesha Kiswahili tangu yuko kwenye nepi. Ananielewa neno kwa neno, hata utani, hata matusi madogo madogo. Lakini kujibu, anajibu Kiingereza. Nilimbembeleza, nikamnunia, nikajifanya sisikii. Wapi! Mwishowe nikazoea. Nikasema, basi, angalau masikio yake ni yangu.

Alipopata kazi yake ya kwanza ya maana alikuja kwangu Jumamosi moja. Mkwe mwenzangu naye alikuwapo, ameniletea achari ya maembe. Mtoto akakaa katikati yetu, akasema amechoka na India ya harusi na maduka ya sari aliyopelekwa utotoni. Anataka kwenda kuona maji tu. Maporomoko na maziwa, kuanzia kusini mpaka kaskazini. Akanigeukia mimi kwanza. Hilo nalikumbuka vizuri, mimi kwanza.

"Bibi, unataka kuja?"

Mimi nimezaliwa kando ya maporomoko. Pale Soni, barabara ya kupanda Lushoto, maji yanaanguka mchana na usiku, na nilipokuja huku nilikaa wiki nyingi silali vizuri kwa sababu ya ukimya. Nilitaka kwenda kuliko nilivyowahi kutaka kitu tangu nizeeke. Lakini nilijibu kama nilivyolelewa. Kwetu mtu akikukaribisha chakula huruki na kusema ndiyo kama uliyeshinda na njaa. Unasema, "Aa, nimeshiba, asante." Anasema, "Onja kidogo tu." Unasema, "Kweli tena, nimetoka kula sasa hivi." Anakushika mkono, anakwambia utamuudhi, hapo ndipo unanawa. Kile kukataa kwa kwanza ni kama kupiga hodi. Hakuna anayepiga hodi akaondoka.

"Aa, mjukuu wangu," nikasema, "mimi na magoti haya? Nendeni tu."

"Okei, Bibi," akasema. Akainuka, akachukua mto wa kochi, akauweka chini ya magoti yangu kwa huruma kabisa. Halafu akageuka upande wa pili. "Ba, wewe je?"

Sasa huyo mwanamke, miaka yote hii, sijawahi kumpa kikombe cha chai bila kumsihi. Kwangu hali tonge mpaka nimlazimishe. Siku hiyo swali halijatua vizuri akasema, "Nakuja." Akafunga kopo la achari.

Nilingoja. Nilisema mtoto ataulizwa na mama yake, au atakumbuka mwenyewe njiani, atapiga simu aseme, Bibi, kweli hutaki? Simu ilipolia Jumanne niliikimbilia na hayo magoti yangu. Alikuwa ananiuliza kama nina begi kubwa la kumwazima Ba.

Nikawapa begi.

Asubuhi waliyoondoka nilisimama dirishani nikitazama ndege zinavyopanda. Sikujua yao ni ipi, kwa hiyo nilizionea wivu zote.

Wakawa wanapiga simu ya picha asubuhi, mimi nikiwa jikoni. Nakiri Jog ilinipiga. Maji yalikuwa yanashuka kwenye jabali refu, meupe, na mvuke wake umepanda mpaka kwenye kioo cha simu yao. Nikaongeza sauti nisikie ngurumo. Mjukuu akauliza naonaje. Nikasema, "Pazuri. Panafanana na Soni." Mkwe mwenzangu akaingiza uso wake kwenye picha, nywele zimelowa, anacheka kama msichana, akasema, "Mkwe, Soni yako ingeingia humu ikanawa miguu!" Nikamwambia simu inaisha chaji.

Halafu ikaja Hogenakkal. Huko watu wanapandishwa kwenye mitumbwi ya duara, kama vikapu, na mpiga kasia anaizungusha katikati ya mto mpaka abiria wapige kelele. Simu ilikuwa mkononi mwa mjukuu, inatazama mara anga, mara maji, na nikasikia sauti yake mwenyewe, kwa Kiswahili:

"Ba, huyu baba anatuzungusha makusudi! Anataka tutapike!"

"Nyamaza, shika ukingo," Ba akamjibu. "Na usimwangalie, atajua tunamsema."

Wakacheka mpaka wakakosa pumzi. Nikauliza nini kile nilichosikia. Mtoto akanieleza, kwa Kiingereza tena, kwamba Kigujarati hakijui, na Kiingereza wapiga kasia na madereva wanakielewa, kwa hiyo yeye na Ba wakitaka kusengenya wanatumia Kiswahili. Ndiyo siri yao. Wameitumia tangu uwanja wa ndege.

Siri yao! Lugha yangu, niliyomlisha kwa kijiko, iliyokaa tumboni mwake miaka yote hiyo kama chakula kisichosagika, imekwenda kutokea kwenye mto wa India, na aliyeipokea ni mtu mwingine. Na ilikuwa na lafudhi ya Mwanza ya Kihindi juu yake! Nilikuwa namenya vitunguu. Nilivimenya vyote, mfuko mzima, na wali wenyewe ulikuwa wa mtu mmoja.

Udaipur, kwenye ziwa Pichola, nilimwona mkwe mwenzangu amekaa kwenye boti, upepo unampiga, amejitanda kanga. Nikaitazama vizuri. Ilikuwa kanga yangu, niliyompa mjukuu alipofaulu mitihani. Jioni binti yangu alipotoka kazini hakupata hata nafasi ya kuvua viatu.

"Mtu amezaliwa Mwanza!" nikamwambia. "Ziwa analo kwao, meli zinapotelea humo, anakwenda kushangaa kidimbwi chenye hoteli katikati?"

"Mama, una wivu."

"Wivu wa nini? Mimi si nina magoti?"

Kitu kimoja tu kilinipoza. Dudhsagar hawakufika. Hayo ndiyo maporomoko ambayo treni inapita mbele yake darajani, na jina lake maana yake bahari ya maziwa, maziwa ya kunywa. Mvua ilifunga njia. Mjukuu alisikitika kwenye simu, nikamwambia pole sana, mama. Mungu anisamehe, nilikula vizuri siku hiyo.

Waliporudi tukaitwa Queensbury Jumapili, wote, kutazama picha kwenye televisheni. Mkwe mwenzangu alikuwa amepaka hina mpya na ameungua pua kwa jua, imempendeza. Picha zikaanza kupita. Yeye ndiye aliyekuwa anaeleza, amesimama na rimoti mkononi kama mwalimu.

"Hii ni Jog," akasema.

"Hiyo ni Athirappilly," nikasema. "Jog ina mikono minne. Hiyo imetandaa."

Mjukuu akaangalia simu yake, akasema Bibi ndiye sahihi. Picha ya ziwa ikaja, mwenzangu akasema Pichola, nikasema Fateh Sagar, mlikwenda asubuhi yake, ulikuwa umesahau miwani hotelini. Binti yangu akanikanyaga mguu. Mkwe mwenzangu akanitazama, hakukasirika. "Umejuaje yote hayo?"

"Nilikuwa nasikiliza."

Akaweka rimoti chini, akasema anakwenda kukaanga mogo. Wao muhogo wanauita hivyo. Mjukuu akapaza sauti nyuma yake, "Ba, usisahau pilipili!" kwa Kiswahili, hivi hivi tu, kama kitu cha kawaida, kisha akanigeukia kuniuliza kwa Kiingereza kama nasikia baridi. Nikainuka nikamfuata mwenzangu jikoni. Nikafunga mlango.

"Mkwe," nikasema, "siku ile kwangu. Ulijua."

Hakuuliza siku ipi. Aligeuza vipande karaini, kimoja baada ya kimoja.

"Nilijua."

"Ulijua nangoja kuulizwa tena."

"Nakujua wewe. Mara ya pili ungesema magoti, ya tatu ungesema nani atamwagilia maua, ya nne ndiyo ungekubali. Mtoto wa Kizungu atajulia wapi?"

"Na ukanyamaza."

"Nikanyamaza." Akapunguza moto. "Wewe umemlea. Jino lake la kwanza limetokea kwako. Akiumwa, analala kwako. Mimi nilikuwa naletewa Jumapili, amevaa viatu, saa mbili hizo, haya, muage Ba, anarudishwa. Miaka yote hiyo kwangu alikuwa mgeni, anakaa ukingoni mwa kiti. Unajua ukingoni mwa kiti? Sasa mara moja nimepata wiki tatu, niseme ngoja kwanza, mbembeleze Bibi yako?"

Nilikuwa nimekuja na maneno mengi. Sikujua kama kuna mtu alikuwa ananionea wivu mimi, na huo mto wangu wa kochi, na shifti za binti yangu. Akaopoa kipande kikubwa, akakitia ndimu na pilipili, akaninyooshea.

"Kula."

"Aa, nimeshiba."

"Kula bwana, usinichoshe."

Nikala. Kilikuwa cha moto, kikaniunguza ulimi, na sikumpa raha ya kuniona napuliza.

Tuliporudi sebuleni, mjukuu alikuwa bado amekaa mbele ya picha ya mwisho. Akasema mwakani anataka kurudi, mvua zikikatika, kwa ajili ya ile Dudhsagar waliyoikosa. Kisha akanitazama. Sijui mama yake alikuwa amemnong'oneza kitu sisi tukiwa jikoni, au masikio yake, ambayo niliyafundisha mimi, yalipita mlangoni. Aliniuliza kwa Kiswahili, taratibu, kwani mimi hakuzoea kunisemesha kwacho, anapapasa kila neno kabla hajalikanyaga.

"Bibi, safari hii utakuja?"

Magoti yalikuwa yameshafika kwenye ncha ya ulimi. Niliyameza.

"Nakuja," nikasema.

Chumba kizima kikanigeukia.

"Na magoti, Bibi?"

"Nitakuja nayo."

Mtoto akaruka akanikumbatia. Nikaanza hapo hapo kuona treni ile darajani, mimi na yeye, tukiwasengenya abiria wenzetu kwa lugha yetu, hakuna anayetuelewa India nzima. Wiki tatu. Kanga yangu begani mwangu.

Kisha akageuka. "Na Ba?"

Mkwe mwenzangu alikuwa anafuta meza. "Aa, mimi nimeshaona maji," akasema. "Mimi na mgongo huu? Nendeni nyinyi wawili."

Nikamwona mjukuu anafungua mdomo. Ile okei ilikuwa imeshapanda mpaka kwenye meno. Nikajua kwamba nikikaa kimya tu, kama alivyokaa kimya yeye, itatoka, na itakuwa imekwisha, hakuna atakayenilaumu. Nikamwambia mtoto anipe chai yangu. Nikaipuliza. Nikainywa polepole, tamu, tangawizi imezidi kidogo kama kawaida yake, na mkwe mwenzangu hakuinua uso. Meza ilikuwa imeshatakata. Alikuwa anafuta mahali pale pale.

Nikafika kwenye mashapo ya tangawizi chini ya kikombe. Nikakiweka.

"Muulize tena," nikasema.

"Lakini Bibi, amesema..."

"Nimesikia alichosema. Muulize tena, na akikataa muulize tena." Kitambaa kikasimama juu ya meza. "Ila dirishani nakaa mimi."