Nilipomuuliza Mjapani Ukoo Wake

Mjukuu wangu wa kike aliponiambia ataolewa na Mjapani, nilifurahi kuliko mama yake. Wajapani mimi nikiwajua. Baridi nzima, humu kwenye flati yetu Thamesmead, huku kwa Waingereza, tulikuwa tukitazama mimi na mjukuu wangu mchezo wa televisheni wa mabwana wa kale wa Japani, kila mmoja na ngome yake na samurai wake, wanapigana miaka nenda miaka rudi. Maandishi ya chini siwezi kuyasoma, yeye akinifasiria. Lakini majina niliyashika yote, ya mabwana, ya wake zao, hata ya watoto waliowekwa rehani kwa adui. Jemadari mmoja nilimpenda hasa, nikimwita bwana wangu.

Kijana akaja kuposa. Kavua viatu mlangoni bila ya kuambiwa, kakaa kwa adabu. Nikamuuliza kama tunavyoulizana kwetu Unguja: "Baba, kwenu ukoo gani? Wazee wako walimtumikia bwana yupi?"

"Bibi, plizi, basi," mjukuu wangu akaninong'oneza.

"Fasiri, we! Wewe kazi yako kuolewa, yangu kuuliza."

Nikamtaja na jemadari wangu, pengine ni watu wake.

Jina lile kijana alilielewa mwenyewe. Akaweka kikombe chini. Kwao ni wakulima, akasema, mjukuu wangu akifasiri, kwenye bonde alilolipigania jemadari huyo. Mpunga ukikaribia kuiva, askari wake huja wakaufyeka, bwana wa upande wa pili akose chakula. "Sisi hatukuwa na ukoo wa kutajwa, bibi. Sisi ndio tuliokufa njaa."

Uso ulinishuka. Swali lile nalijua mie. Baada ya Mapinduzi watu wenye bunduki waliingia ukumbini kwetu wakamuuliza mume wangu, "Wewe kabila gani?" Jibu lake likatosha. Sikumwona tena. Na leo mimi namuuliza mgeni, chai yangu iko mbele yake.

"Umeridhika sasa?" mjukuu wangu akaniuliza, kwa Kiswahili, yeye anayenijibu Kiingereza siku zote.

"Mwambie aniwie radhi."

"Mwambie mwenyewe."

Kiingereza changu cha sokoni tu. "Sori, baba. Sori sana." Akainamisha kichwa. Sikujua kama kanisamehe au ni adabu yao tu, na wa kumuuliza sikuwa naye.

Posa tuliipokea, wakaoana. Siku hizi akiingia hunibusu mkono, kafundishwa na mkewe. Kila mara nalikumbuka swali langu, nataka kuuvuta.