Nilipiga Lipu Majina ya Marehemu

Ko, ko, ko. Katapila likigonga zege. Mpaka leo nikisikia fundi anavunja ukuta, naziba masikio. Kosa ni langu, simsingizii mtu. Naandika hapa kwa sababu mbele ya wanaonijua sina uso wa kulisema.

Mimi ni msusi. Saluni yangu ni kibanda cha mabati kando ya barabara kuu, unapoingia Singida mjini, upande ule maghorofa yanaota kila kukicha. Mbele yake palikuwa na mnara mfupi wa askari wa kwetu waliokufa kwenye vita vya Kagera, majina yao yamechongwa kwenye zege. Majani yameuvamia, mbuzi wanajikuna hapo, wanaume wanajisaidia nyuma yake. Mimi nikaona bango la bure. Nilikuwa naota saluni ya vioo, wateja wamejaa mpaka nje.

Nikamwita fundi. Akasita. "Dada, hapa pana majina ya watu."

"Kwani wenyewe wanasuka? Piga lipu bwana."

Tukacheka wote. Akapiga lipu, akapaka pinki, akachora mwanamke mwenye rasta. Nikapiga na selfi.

Baada ya mavuno akaja bibi mmoja kutoka kijiji cha Mgori. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaenda moja kwa moja kwenye mnara kuupapasa. Hakujua kusoma. Jina la kaka yake alilijua kwa vidole, la pili kutoka chini. Kila akishavuna huja kulisafisha, maana mwili haukurudi na nyumbani kwao hakuna kaburi.

"Mjukuu wangu, mbona pamekuwa laini?"

Ningesema ukweli pale pale yangeisha. Lipu inabanduliwa. Lakini aibu ikanishika. "Wanautengeneza, bibi. Majina yatarudi, tena mazuri zaidi."

Akanishika mikono yote miwili, akaniombea baraka.

Haikupita muda wakaja watu wa kupanua barabara. Makaburi na minara wanahamisha kwa heshima, vitu vingine wanavunja tu. Msimamizi akauliza, "Hili dude la pinki ni la nani?"

Nikaogopa kushtakiwa kwa kuharibu mnara. "La kwangu. Bango la saluni."

"Una bango gumu, dada," akacheka. Wakalivunja siku hiyo hiyo, mimi nimesimama mlangoni na kitana mkononi.

Msimu uliofuata bibi akarudi na kuku, shukrani yake kwangu kwa kumwangalizia kaka yake. Akakuta shimo. Safari hii nikasema yote.

Hakunitukana. "Mama yetu alikufa akisubiri wamrudishe kaka," alisema. "Tukabaki na hilo jina."

Akamweka kuku mlangoni kwangu. "Mchukue. Nilishasema ni wako."

Tangu hapo hajaja tena, na bora angenizaba kofi.

Kijana mwenzangu mwenye ndoto zako, kabla hujapaka rangi wala kupigilia msumari, uliza pale ni pa nani. Ukikosea, sema wakati kosa bado linabanduka. Mimi nilichelewa kwa kuogopa sura yangu.

Jana nilikwenda peke yangu korongoni, walikomwaga kifusi cha mnara. Nikafukua mpaka nikapata kipande chenye herufi, za jina la nani sijui. Nikavua kanga yangu ya juu, nikakifunika, nikakaa chini pembeni yake.