Goti la Kulia, Goti la Kushoto

Nilipotoka chuo kikuu, ng'ambo ya Ziwa, nilipangiwa kufundisha Iringa. Ilikuwa miaka ya hamsini, na katika mwaka wangu wa kwanza nilijulikana kwa jambo moja: kuuliza. Niliwauliza wazee wa kanisa, nikawauliza walimu wenzangu, nikamuuliza hata mpishi wa shule kwa nini maharage yanalowekwa usiku na si mchana.

“Mwalimu, kula,” alinijibu.

Nilikuwa nikinunua sukari na mafuta ya taa katika duka la mama mmoja wa Kihindi, mtu mzima sana. Iringa ikishikwa na upepo wa baridi wa Juni, watu walikuja kumwonyesha vidole visivyokunjika na viwiko visivyonyooka, naye akawapa mafuta mazito ya rangi ya kahawia katika vikopo. Aliyapika mwenyewe uani kwake: mafuta ya ufuta, tangawizi, karafuu, kafuri, na majani makavu aliyoletewa kutoka kwao Gujarati. Ilikuwa tiba ya jadi ya kwao, Ayurveda, na yeye alifundishwa na bibi yake.

“Yanafanyaje kazi, mama?” nikamuuliza.

“Baridi imeingia kwa kiungo. Hii natoa.”

“Lakini baridi haiingii kwenye kiungo. Kiungo ni mfupa na...”

“Wewe goti nauma?”

“Hapana.”

“Basi ngoja iume, halafu tazungumza.”

Nilicheka, nikanunua kikopo. Sikuyaamini yale mafuta, ila likizo ilikuwa inakaribia, na mama yangu alikuwa na magoti mabaya.

Mama aliishi vilimani juu ya Mbalizi, mahali ambapo Juni maji ya mtungi huuma meno. Kuketi aliweza, akishika nguzo. Kupiga magoti hakuweza kabisa. Na kanisani kwetu Meza ya Bwana hupokelewa kwa magoti. Wazee wa kanisa walikuwa wamemruhusu asimame, akakataa. “Nisimame mbele za Mungu kama askari wa boma?” Basi wenzake wakienda mbele, yeye akawa anabaki kwenye benchi.

Kubaki kwenye benchi si jambo dogo kwetu. Kabla ya Meza ni lazima watu wapatane, kwa hiyo anayebaki hudhaniwa kuwa ana kinyongo na mtu. Na mtu wa kudhaniwa alikuwepo: mama mdogo, mke wa pili wa marehemu baba, aliyeishi nyumba ya pili katika ua uleule. Hawakuwa na ugomvi. Waliamkiana, wakapeana moto na chumvi, ila kila mmoja alipika kwake na kulima kwake. Kijiji kilikwisha kuamua kwamba mama amemfungia mwenzake moyo, na mama, ambaye hakuwahi kumsema mtu vibaya, aliumia kwa hilo kuliko alivyoumia magoti. Mchungaji, ambaye bila yeye hakuna Meza, alipita kwetu mara chache. Safari hiyo alitarajiwa Jumapili ya mwisho ya likizo yangu.

Nilipofungua kikopo, mama alinusa akarudisha kichwa nyuma.

“Kafuri! Waislamu wa mjini si ndiyo wanayowapaka maiti? Mwanangu, umeona nimechelewa kufa?”

“Ni dawa, Mama.”

“Wewe unaiamini?”

Hilo lilikuwa swali la aina yangu, na kulisikia kinywani mwake kulinishtua. “Siiamini,” nikasema. “Nataka tuijaribu.”

Nikampa mpango. Goti la kulia lipakwe dawa ya Iringa. La kushoto lipakwe mafuta ya nyonyo, yale anayoyajua tangu utoto. Yote mawili yakandwe sawasawa, yafungwe vitambaa vya aina moja. Hivyo tungejua ukweli. Shida ikawa mkandaji. Kwetu mtoto wa kiume aliyekwisha kuota ndevu hashiki goti la mama yake. Nikauliza kwa nini.

“Kwa sababu unauliza,” mama akasema.

Mama mdogo alikuwa akipepeta ulezi pale nje, na alikuwa amesikia yote. Akaja akijifuta mikono.

“Nipe mimi. Wanasema mimi ndiye niliyeyakalia haya magoti. Acha niyashike kweli.”

Nilidhani mama atakataa. Lakini aliketi mkekani, akanyoosha miguu, akapandisha nguo kidogo, na mimi nikaambiwa nitoke.

Ikawa ndiyo desturi ya kila jioni. Nilikaa nje juu ya kinu kilichopinduliwa, nikiwasikiliza wakiongea kilugha kuhusu mbegu na mvua, halafu kuhusu baba: jinsi alivyokoroma, jinsi alivyowadanganya wote wawili kwamba kila mmoja ndiye anayepika vizuri. Sikuwahi kuwasikia wakicheka pamoja kabla ya hapo.

Asubuhi nilikwenda kuuliza.

“La kulia?”

“Lina moto mzuri.”

“La kushoto?”

“Nalo.”

Hilo la kushoto lilininyima raha. Nikaanza kujitungia maelezo kwamba kazi yote inafanywa na kukanda, wala si dawa, na nilikuwa karibu kuridhika nayo. Lakini siku moja kabla ya Jumapili ile niliona kikopo kimekwisha kabisa, huku chupa ya nyonyo imejaa kama nilivyoiacha. Nikamuuliza mama mdogo.

“Mwalimu wee, ulitaka goti moja lipone na jingine lilie? Mtu huenda Mezani na goti moja? Nimepaka yote tangu siku ya kwanza.”

“Lakini sasa hatutajua!”

“Kujua nini?”

“Kama ni dawa, au ni kukanda, au...”

“Au ni mimi,” akamalizia, na mama akacheka mpaka akashika mbavu.

Mpaka leo sijui. Nimejaribu kusikitika kwa ajili ya jaribio langu na nimeshindwa. Namshukuru yule mama wa dukani, ambaye mama alimtumia kikapu cha njegere bila kumjua. Naishukuru mikono ya mama mdogo, na kutotii kwake.

Jumapili mama na mama mdogo waliketi benchi moja. Walipoitwa, mama aliinuka, akaenda mbele polepole, akashika ukingo wa mbao. Goti la kulia likashuka kwanza. La kushoto likasita, likafuata. Akabaki pale ameinamisha kichwa, na mama mdogo kando yake, na kanisa zima likanuka kafuri. Wakati wa kuinuka mama mdogo alimshika kiwiko, naye akakubali kushikwa.

Mzee mmoja aliyekaa karibu nami, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia, alinusanusa hewani, akaninong'oneza kwa hofu:

“Nani amefariki?”

“Hakuna, mzee,” nikasema. “Ni mama, amepiga magoti.”