Masizi Ndani ya Bunduki ya Viboko

Mimi ni mtu wa kurudi nyuma kuangalia kama mlango nimeufunga. Nikishafika barabarani narudi, nashika kitasa, naondoka tena, na bado moyo unaniambia sikukishika vizuri. Nasema haya mapema ili anayesoma asishangae jinsi kazi ya kusafisha bunduki ilivyoninyima raha.

Kazi hiyo sikuajiriwa kwayo. Mwanzoni mwa miaka ya hamsini nilichukuliwa na fundi mmoja Kalasinga mwenye karakana nyuma ya maduka ya Wahindi, mjini Kisumu, nimtengenezee baiskeli. Yeye alikuwa na kibali cha kutengeneza bunduki za Wazungu wa Milimani na za idara ya wanyama. Macho yake yalipoanza kufifia, akanihamishia chumba cha nyuma. Hakunifundisha. Aliniwekea bunduki mezani, akatoka, akafunga mlango kwa nje, maana siku zile Mwafrika kuonekana na bunduki mkononi kulitosha kuwaleta polisi. Nikabaki humo najifunza mwenyewe kwa kufungua, kuchungulia, kunusa na kukosea.

Asubuhi moja fundi alimwingiza askari wa wanyama, mtu mzima aliyekuwa amerudi kutoka vita vya Burma, na kazi yake sasa ilikuwa kuwapiga risasi viboko walioharibu mashamba kando ya ziwa. Aliweka bunduki mezani ikiwa imefungwa kwa gunia.

"Kijana, hii imetaka kuniua."

Yalimpata kule Nyakach. Risasi ya kwanza ilimjeruhi kiboko, kiboko akamgeukia. Alipovuta bolti, kile chuma cha nyuma cha kupakilia, apakie ya pili, haikuja. Ganda la risasi ya kwanza lilikuwa limenasa ndani.

"Nilipanda mti kama ngedere, na umri huu! Wanawake wa kule mpaka leo wakiniona wanacheka."

"Unaisafishaje, mzee?"

"Kama tulivyofundishwa jeshini. Kamba yenye kitambaa, naingiza huku, navuta kule. Kila siku, hata mvua ikinyesha."

Nilichukua kipande cha kioo, nikaingiza mwanga nyuma ya mtutu. Mtutu wenyewe ulikuwa unang'aa. Lakini chumba cha risasi, pale ganda linapokaa, ni kipana kuliko mtutu. Kitambaa kinachobana mtutu hupita chumbani bila kugusa kuta. Miaka yote hiyo alikuwa akisafisha kwa bidii mahali palipokuwa safi. Kwenye shingo ya chumba palikuwa na pete nyeusi ya masizi yaliyopikwa na moto juu ya moto, magumu kama rangi ya sufuria.

"Unaiona?" nikamwonyesha.

Alichungulia kwa muda mrefu. "Na huko nani anaangalia?" akasema kwa sauti ya chini.

Kisha akanieleza kwamba Jumamosi anakwenda Dunga. Kulikuwa na dume la kiboko lililopindua mtumbwi na sasa linaingia mahindi ya watu kila siku. "Safari hii hakuna mti karibu," akasema. "Kuna mafunjo tu. Ikinasa tena, omera, ndugu yangu, mimi sirudi."

Alipoondoka nilianza kazi palepale.

Nilimimina mafuta ya taa ndani ya chumba, nikaziba mbele kwa kizibo, nikayaacha yalale. Kesho yake nikasugua kwa brashi ya shaba, nikiizungusha badala ya kuisukuma. Kitambaa kilitoka cheusi, nikafurahi. Nikachungulia: pete iko palepale. Nikaweka mafuta tena. Nikachonga kijiti cha mti mgumu kikalingana na shingo ya chumba, nikakiviringisha flana, nikakizungusha mpaka kiganja kikatoa malengelenge. Masizi yakaanza kuondoka kwa vipande vidogo kama magamba ya samaki wa omena.

Kwenye droo kulikuwa na wavu wa waya wa chuma. Nakiri niliutamani. Ungemaliza kazi kwa muda wa kunywa chai, lakini ungekwaruza kuta za chumba, na ganda hung'ang'ania mikwaruzo kuliko linavyong'ang'ania masizi. Niliufunga ndani ya gazeti nikauweka juu ya kabati, mahali ambapo ningehitaji kiti kuufikia.

Ijumaa pete ikaisha. Nilipaswa kulala Kaloleni kwa amani, katika chumba nilichokaa na mjomba. Badala yake kila nilipochungulia niliona kivuli. Nilipitisha kitambaa cheupe, kikatoka cheupe, nikapaka mafuta ya bunduki kuzuia kutu. Baada ya chakula nikarudi, nikapitisha tena, nikapaka tena. Fundi aliingia akanikuta nimeinama.

"Wewe kwisha safisha, mimi ona," akasema. "Sasa wewe nataka nini? Kula hiyo bunduki?"

"Nahakikisha tu, Fundi."

"Mama yako nahakikisha wewe kabla zaa? Funga kazi!"

Jumamosi asubuhi askari wa wanyama alikuja, akavuta bolti, ikateleza kama kisu ndani ya siagi. Akanipiga bega, akaondoka na baiskeli yake. Mimi nikakaa kutengeneza mnyororo wa baiskeli ya mwalimu mmoja, na mikono ikiwa kwenye mnyororo ndipo nilipokumbuka. Chumba cha risasi hakitakiwi kuwa na mafuta wakati wa kupiga. Kuta zikiwa kavu, ganda linazishika risasi inapolipuka, kisha linaachia. Zikiwa na mafuta, ganda linateleza nyuma kwa nguvu zote na kuigonga bolti, na bolti inaweza kuwa nzito kufunguka. Nami nilikuwa nimepaka, nikapaka tena, na sikukausha. Nilikuwa nimeondoa hatari moja, nikaweka nyingine mahali pake kwa mikono ileile.

"Fundi, naenda kujaribu breki," nikasema, nikapanda baiskeli ya mwalimu.

Sijui nilipitaje mtaa wa Nyalenda. Nakumbuka mama mmoja mwenye karai la samaki kichwani akinitukania kizazi changu chote. Dunga nilikuta watu wamesimama mbali, wakitazama shamba la mahindi lililopakana na mafunjo. Mmoja akanishika shati.

"We, unakwenda wapi? Yuko mle."

"Askari yuko wapi?"

"Na yeye yuko mle."

Niliingia nikiwa nimeinama. Nilimkuta amepiga goti penye tope, bunduki begani. Aliponiona uso wake ulikunjamana.

"Umefuata nini hapa, mjinga wewe?"

"Mafuta," nikanong'ona. "Chumbani. Lazima yafutwe."

Alinitazama, akatazama mafunjo, ambayo yalikuwa yanatikisika bila upepo. Akafungua bolti, akatoa risasi, akanisogezea bunduki. Nilirarua upindo wa shati, nikauzungusha kwa kidole hadi kilipofika, kisha kwa bua la mahindi. Kitambaa kikatoka kimelowa. Nikageuza upande mkavu. Nikarudia. Nikataka kurudia tena.

"Basi," akasema.

"Bado kidogo, mzee."

"Basi, nimesema!" Akaninyang'anya, akarudisha risasi, na wakati huohuo mafunjo yakafunguka.

Risasi ya kwanza ilinifunga masikio. Nilitazama mkono wake wa kulia tu. Mkono ukainua bolti, ukavuta, na ganda likaruka likaanguka kwenye tope. Akapiga ya pili. Dume lilianguka nusu majini, nusu kwenye mahindi, na watu waliokuwa mbali wakaja mbio na mapanga, wakishangilia nyama.

Askari alikaa chini palepale. Mimi nilikuwa natambaa.

"Unatafuta nini?"

"Ganda." Nililipata, nikalifuta. Kwenye shingo yake kulikuwa na mstari mwembamba mweusi. "Mzee, kuna kitu bado kimebaki mle."

"Omera, mimi ni mzima. Niangalie mimi, acha hilo ganda."

Nikamwangalia. Alikuwa na tope mpaka kiunoni, na sigara mdomoni ambayo haijawaka. Nikamshikia kiberiti. Tukapoteza njiti nyingi kabla haijawaka.

Tulirudi mjini kwa miguu, kila mtu anasukuma baiskeli yake, yeye na kipande cha paja la kiboko nyuma na bunduki mgongoni. Jumatatu alikuwa ameitwa Kendu, kwa viboko wengine. Nilijaribu kuzungumza juu ya mvua, juu ya bei ya mahindi, juu ya mwalimu ambaye bila shaka alikuwa ananingoja karakanani. Nilishindwa.

"Sema tu," akasema.

"Naomba niangalie tena."

Alisimama katikati ya barabara. Nilidhani atanitukana. Akaegemeza baiskeli kwenye nyonga, akavua bunduki, akafungua bolti, akauelekeza mtutu kwenye jua.

"Angalia."

Nikainama nikaangalia. Niliangalia mpaka akaniambia mkono umechoka.